Miaka sita ya saba juu ya nane

Kwa miaka sita niliwafundisha watoto wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwamba ukiwa na robo saba za chapati una saba juu ya nane. Niliwafundisha kwa michoro na kwa sauti kubwa, na aliyejibu vingine nilimwekea kosa. Mtoto mmoja alijibu vingine kila mara. Alikuwa sahihi, na aliacha shule.

Nilipostaafu, mkuu wa shule aliniomba niwaandikie walimu wapya kurasa chache kuhusu kazi yangu. Nadhani alitaka habari za uvumilivu. Nimeanza na jambo hili kwa sababu ningeanza na mengine nisingelifikia. Majina ya watu wengine nimeyabadili. Langu ni lile lile, wengi wenu mnaniita Madame Chantal.

Nilifika Malawi kutoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na diploma ya ualimu niliyoishona ndani ya upindo wa kitenge ili isipotee njiani. Nilikuwa nimefundisha miaka tisa. Nilijiona mwalimu kamili aliyehamishwa kituo.

Siku yangu ya kwanza nilipewa darasa la sita, watoto mia moja na kumi na wawili kwenye madawati ya watoto arobaini. Wengine walizungumza Kirundi, wengine Kinyarwanda, wengine Kiswahili cha Uvira na Fizi, na waliotoka vijiji vya jirani walizungumza Chichewa. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilikuwa wa Kifaransa. Niliwaamkia kwa Kifaransa, mtoto mmoja akasema "Zikomo, madam," yaani asante kwa Chichewa, na wote wakakaa. Nikahesabu kwamba somo la kwanza limekwenda vizuri.

Aliyenifundisha kazi upya alikuwa naibu mkuu wa shule, Mmalawi mmoja wa Nathenje, nitakayemwita Bwana Kachingwe. Alinionyesha jinsi ya kupaka ubao unga mweusi wa betri zilizokwisha, na jinsi ya kuvunja chaki mapema ili isivunjike yenyewe katikati ya neno. Aliniambia nisimame upande wa dirisha ili mwanga usiwapige watoto machoni. Siku moja aliniambia, "Madam, katika darasa kubwa usimtafute anayejua. Mtafute aliyeacha kuandika." Hayo yote niliyashika. Laiti ningemwuliza na mambo ya kwenye kitabu, lakini mambo ya kwenye kitabu niliona nayajua.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana baadhi yenu mnaweza kuwa mnalifanya leo.

Bukavu tulifundishwa sehemu kwa kanuni, bila picha. Saba juu ya nne: gawanya saba kwa nne, unapata moja, zinabaki tatu, basi ni moja na robo tatu. Niliweza kuifanya hesabu hiyo nikiwa nimelala. Lakini sijawahi kuichora, na hakuna aliyewahi kunichorea. Mtaala wa Malawi ulitaka michoro. Shule nzima ilikuwa na nakala moja tu ya kiongozi cha mwalimu, ikafungiwa kwenye kabati la Bwana Kachingwe. Nilipoiazima nikakuta ukurasa wenye duara mbili, kila moja imekatwa vipande vinne, na vipande saba vimetiwa rangi. Chini yake pameandikwa saba juu ya nne.

Nilihesabu vipande vyote. Vilikuwa vinane. Nikahesabu tena. Nilipokuwa chuoni Bukavu, mkurugenzi alizoea kunipa karatasi za mitihani nitafute makosa ya mpiga chapa, na nilijivunia macho yangu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta ile nne, nikaandika nane. Kosa la mtambo, nikasema. Kisha nikarudisha kitabu kabatini, ambako walimu wengine watatu walikuwa wakikiazima.

Mnaweza kuuliza inawezekanaje mtu ajue kwamba saba juu ya nne ni moja na robo tatu, halafu achore robo saba aziite saba juu ya nane. Inawezekana hivi: kanuni nilifundisha Jumatatu, michoro nikafundisha Alhamisi. Jumatatu robo saba zilizidi kizima, Alhamisi zilipungua kizima, na kati ya siku hizo mbili hakuna aliyekuja kuuliza.

Somo la Alhamisi nililipenda. Nilikata duara za katoni kutoka maboksi ya sabuni, nikizipima kwa mfuniko wa sufuria na kuzikata kwa wembe. Upande mmoja niliupaka mkaa, upande mwingine udongo mwekundu wa nje ya darasa. Duara hizo niliziita chapati, kwa sababu kila mtoto wa Dzaleka anaijua chapati hata kama hajaila wiki hiyo.

Mapendo aliingia darasani mwangu mwaka wa nne. Alikuwa na miaka kumi na minne, mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu njia ya kutoka Fizi ilikuwa imemmalizia miaka miwili ya masomo. Mama yake aliuza chapati mwanzoni mwa soko la kambi, na Mapendo alimsaidia asubuhi kabla ya kengele. Asiyeweza kununua nzima alikatiwa robo. Nilikuwa mteja wao.

Alhamisi hiyo nilichora chapati mbili ubaoni, nikapaka chaki vipande saba. Nikauliza ni sehemu gani iliyopakwa. Darasa likaitikia kama nilivyolizoeza: saba juu ya nane. Mkono mmoja ukabaki juu.

"Madame, ile ni robo saba. Saba juu ya ine."

"Hesabu vipande vyote, Mapendo. Viko vingapi?"

"Biko munane."

"Basi umejijibu."

"Biko munane, lakini kila kimoja ni robo. Nikiongeza chapati ingine ku meza, robo yangu haigeuke kuwa kadogo." Alisogea mbele bila kuitwa, akaweka kidole ubaoni. "Na Siku ya Kwanza, ile Jumatatu, ulituambia saba juu ya ine ni moja na robo tatu. Angalia, moja njo hii. Robo tatu njo hizi. Njo ile ile, Madame."

Nimeahidi kusema yote, kwa hiyo nitasema na hili. Niliona. Kwa muda wa kuinua chaki tu, niliona kwamba Jumatatu na Alhamisi zimekutana pale kwenye kidole chake na kwamba moja kati yake ni ya uongo. Kisha nikaona nyuso mia moja zinanitazama.

"Hapa hatuuzi, tunasoma," nikamwambia. "Hesabu za sokoni mwachie mama yako. Au kule Fizi mihogo yenu ndiyo inawafundisha hesabu?"

Darasa lilicheka. Watoto wa Fizi wenyewe walicheka, ili wasionekane ndio waliosemwa. Mvulana mmoja wa nyuma akaita, "Robo Saba!" na jina likamkaa. Kuanzia siku hiyo hata waliokuwa wakicheza naye kamba walimwita Robo Saba.

Nilimsimamisha mbele, chapati moja ya katoni kila mkono, mpaka atakaposema saba juu ya nane. Hakusema. Kipindi kikaisha. Ijumaa nikamsimamisha tena, hakusema. Jumatatu alipoingia alikwenda mwenyewe mbele, akachukua katoni zake, akasimama. Nikamwambia akae, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuchoka mimi.

Mtihani wa mwisho wa mwaka niliutunga mwenyewe. Maswali manne yalikuwa ya michoro iliyozidi kizima, alama tano kila moja. Mapendo alijibu yote manne kwa njia yake, na yote manne nikayatia alama nyekundu ya mkasi. Alipungukiwa alama nane kupanda darasa la saba.

Wiki hiyo mama yake alikuja nyumbani kwangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alikuwa amekuja kuomba radhi. Alileta chapati nne ndani ya gazeti, akazishika magotini muda wote tuliozungumza.

"Madame, mutoto ananiambia yeye iko na haki," alisema. "Nikamuuliza, kati yako na Madame, nani alisoma?"

"Ana kichwa kigumu, mama."

"Hiyo njo ugonjwa yake. Aliitoa kwa baba yake."

Tulicheka wote wawili. Alipoondoka nilipika chai, nikala chapati moja, kisha ya pili. Zilikuwa laini, kama kawaida yake. Muhula ulipofunguliwa Mapendo hakurudi. Nilisikia amepelekwa Lilongwe kwa shangazi yake kujifunza kushona. Nikaweka mstari kwenye jina lake katika daftari la mahudhurio, kwa rula.

Miaka miwili baadaye Bwana Kachingwe alikuwa akihesabu vitabu vya kabatini. Aliniita ofisini, kiongozi cha mwalimu kikiwa wazi mezani.

"Madam, nani amesahihisha hapa?"

"Mimi. Lilikuwa kosa la mtambo."

Hakubishana nami. Alichukua karatasi safi, akaikunja mara mbili, akaichana vipande vinne, akanipa kimoja. "Hiki ni nini?"

"Robo."

"Robo ya nini?"

"Ya karatasi."

Akatoa karatasi nyingine nzima, akaiweka mezani kando ya vile vipande. "Na sasa, hicho ulichoshika ni nini?"

Nilikigeuza kile kipande, nikaitazama ile karatasi nzima. Alinipa muda mrefu, kama tunavyowapa watoto. Kisha akauliza, "Umefundisha hivi tangu lini?"

"Mwaka huu tu," nikasema.

Aliutazama wino wangu mwekundu, ambao ulikuwa umepauka ukawa rangi ya chai ya pili. Akasema, "Zikomo, madam," akaniachia kitabu, akatoka nje. Mwaka uliofuata alihamishwa. Hakulitaja tena jambo hilo, na mimi sikulitaja.

Nilirudisha ile nne kwa kalamu nyeusi. Tangu muhula huo nilifundisha sawasawa, na njia yangu nawaachia hapa kwa sababu ni nzuri. Kabla ya kukata chochote, andika chini ya duara ya kwanza: hiki ndicho kizima. Watoto waseme kwa pamoja, robo ya kizima hiki. Kisha hesabu kwa sauti: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne. Hapo simama, uliza tuna nini, wajibu kizima kimoja. Ndipo ulete duara ya pili, uendelee robo tano, robo sita, robo saba. Usianze tena kwenye moja. Anayeelewa atakwambia mwenyewe kwamba namba ya chini inataja ukubwa wa kipande, wala haihesabu vipande vilivyo mezani. Na kanuni na mchoro vifundishe siku moja, ubao mmoja, vitazamane.

Somo hilo likawa maarufu. Walimu wa kujitolea waliletwa darasani kwangu wakae nyuma waandike. Mmoja aliwahi kuniuliza niliwaza vipi kutumia chapati. Nikasema mawazo mengine yanakuja tu. Waliosoma kwangu ile miaka sita sikuwaambia kitu, ingawa wengi walikuwa bado kambini na baadhi yao tulisali kanisa moja. Wala sikuwafuata wale walimu watatu wa kabatini. Niliogopa wataniuliza alichouliza Bwana Kachingwe: tangu lini.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikwenda Lilongwe. Kwenye fomu ya ruhusa ya kutoka kambini niliandika matibabu ya macho, na sikuwa nimedanganya sana. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, halafu minibasi hadi Old Town. Mapendo nilimkuta mahali nilipoelekezwa, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, cherehani ya tatu kati ya tano zilizopangwa safu. Alikuwa akishona sare za shule. Alinitambua kabla sijamwamkia.

"Madame Chantal. Umekonda."

"Uko na nafasi kidogo, Mapendo?"

"Ikala hapo ku furushi. Ni nguo za batoto ba shule, haziogope kukunjwa."

Nilikaa. Hotuba niliyoipanga ndani ya minibasi ilikuwa imenitoka yote. Nikasema, "Ile siku ya chapati mbili, wewe ulikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekosa."

Miguu yake haikusimama. "Najua."

"Ulijua wakati ule?"

"Madame, mi nilikuwaka nauzisha robo kila asubuhi. Kama hesabu yako ingekuwa ya kweli, mama angefunga biashara."

Fundi wa cherehani ya nne alicheka. Nami nikacheka, halafu nikaona Mapendo hacheki.

"We ulijua lini?" akauliza.

Nilikuwa na majibu mawili tayari mdomoni, na lile la uongo lilikuwa mbele. "Karibu miaka kumi," nikasema. "Na siku ile yenyewe, kidogo."

Cherehani ikasimama. Alikata uzi kwa meno, akalikunja shati la mtoto, akaliweka juu ya jingine. "Miaka kumi," alisema. "Na kutoka Dzaleka mpaka hapa ni minibasi moja tu."

"Nisamehe."

"Mi si pasta, Madame." Akachukua shati jingine. "Kama unataka kufanya kitu, fanya kimoja. Enda uambie mama. Kila siku tukibishana, hata juu ya chumvi, ananiambia: hata masomo ulikosa juu ya kubisha. Mi nikimwambia atasema naanza tena. Wewe atakusadiki. Ukimaliza unitumie mesaji."

Nilimwahidi. Hapo hapo alianza tena kukanyaga cherehani, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Ahadi hiyo nilichukua miezi mitano kuitimiza. Nilisubiri kustaafu kwanza, nikajiambia ni kwa heshima ya shule. Jumamosi ya juma lililopita ndipo nilipokwenda nyuma ya soko, nyumbani kwa Mama Mapendo. Hauzi tena chapati, magoti yamemkatalia. Nilimweleza yote, mchoro, mkono wa mtoto, maneno yangu ya mihogo, mtihani. Nilimchorea na duara mbili kwenye udongo mbele ya mlango, lakini hakuzihitaji.

"Kwa hiyo mutoto alikuwa na haki," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yale maulizo ine, yote?"

"Yote manne."

Alifuta duara zangu kwa wayo wa mguu, polepole, kama mtu anayesawazisha tu mahali pa kukaa. "Ofisi ya shule ilituma barua ile likizo," alisema. "Ilisema bale balikosa alama kidogo barudilie mtihani. Jina ya Mapendo ilikuwemo. Yeye hakuiona. Nilichochea nayo moto ya chapati."

Barua hiyo sikuwahi kuijua. Nilimwuliza kwa nini.

"Juu yako. Nilisema mutoto anayeshindana na mwalimu lazima afunzwe, kabla hajashindana na bakubwa bengine. Nilikuleteaka chapati, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ukaniambia iko na kichwa nguvu."

"Nilisema hivyo."

Jirani alipita akatusalimu, tukaitikia vizuri wote wawili. Alipokwisha kupita, Mama Mapendo akasema, "Mwambie haukunikuta."

"Mama, nilimwahidi."

"Akijua najua, atakuja. Akikuja ataniuliza kama hakukuwa njia ingine wakati ule, yeye anapenda kuuliza, unamujua. Na mi sitaweza kumudanganya ku macho. Iko yeye peke yake anayenitumia unga, Madame. Ule mutoto mwingine haiko hata na habari kama niko muzima."

"Siwezi kumdanganya tena."

"Uliweza miaka kumi," akasema. Hakusema kwa hasira. "Ongeza kidogo."

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Niliaga, akanisindikiza mpaka njiani licha ya magoti yake, kama desturi.

Jumanne Mapendo, niliyekuwa nimemwambia nitakwenda Jumamosi, alituma mesaji: "Madame ulimukuta mama?" Ijumaa akatuma nyingine, neno moja tu: "Madame?" Kurasa hizi nazipeleka shuleni Jumatatu, na nyote mnajua habari za Dzaleka hazilali ofisini. Leo ni Jumapili mchana. Simu iko mezani, kando ya karatasi hii. Sijajibu.